Nani hasa alimuua Dk. Derek Shepherd? Mimi nasema si lori

#1 BintiWaKisosora
Wakuu, salaam. Juzi usiku nimemaliza tena msimu wa 11 wa Grey's Anatomy, ile tamthilia ya Marekani ya madaktari wa Seattle, safari hii nikiwa na mama, ambaye alikuwa hajui kinachokuja. Tulipofika sehemu ya 21, ile iliyorushwa mara ya kwanza tarehe 23 Aprili 2015, mama alinyamaza mpaka mwisho, halafu akaniuliza: "Kwa hiyo yule binti alisema kichwa kipimwe, wakamkatalia?" Mama hakumlilia Derek. Alikasirika kwa ajili ya yule binti.

Kwa aliyesahau: Derek Shepherd, bingwa wa upasuaji wa ubongo, yuko njiani kwenda uwanja wa ndege, anakuta ajali. Anashuka, anaokoa watu wanne bila kifaa chochote cha maana. Gari la wagonjwa linafika, yeye anarudi kwenye gari lake, lori linamvaa. Anapelekwa hospitali ya Dillard, ambako majeruhi wa namna hiyo hawajazoeleka. Anasikia kila neno linalosemwa juu yake ila hawezi kutamka. Moyoni anawaelekeza wapime kichwa kwa CT, ile mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili. Daktari mdogo, Penelope Blake, yaani Penny, anaitaka hiyo CT. Mkubwa wake, Dk. Paul Castello, anamkatalia. Wanakimbilia tumbo, na damu inaendelea kujaa kichwani.

Hoja yangu: lori lilimjeruhi tu. Kilichomuua ni tabia ya mkubwa kutosikia neno la mdogo. Nipingeni kwa hoja.

#2 Pwaguzi
Naweka mkeka. Huu uzi hautaisha leo.

#3 Kaka_Likoni
Dada, ngoja kwanza. Mbona mimi nakumbuka huyo Penny ndiye aliyemuua? Msimu wa 12 Callie, daktari mwenzao, anamleta kama mpenzi wake kwenye chakula cha jioni nyumbani kwa Meredith, mke wa Derek, na Meredith anasema mbele ya watu wote kwamba huyu ndiye aliyemuua mume wangu. Kama mke mwenyewe alisema, sisi ni nani?

#4 JichoLaPili
Kaka_Likoni, hayo yalisemwa, ni kweli, ila ni maneno ya mjane aliyefunguliwa mlango akakuta uso uleule wa usiku ule. Rudi msimu wa 11 usikilize Meredith alichomwambia Penny palepale hospitali, kabla hasira haijaiva. Alimwambia kila daktari ana mgonjwa mmoja asiyemtoka, na Derek ndiye atakuwa wako, atakufanya ufanye kazi kwa bidii zaidi. Hayo huwezi kumwambia mtu unayeamini ni muuaji.

#5 DaktariWaZamu
Naomba nimtetee Castello, najua nitapigwa mawe.

Mimi nafanya kazi mapokezi ya dharura. Majeruhi akiingia tunakwenda kwa mpangilio: njia ya hewa, upumuaji, mzunguko wa damu, ndipo mfumo wa fahamu. Si kwamba kichwa hakina thamani. Ni kwamba mtu anayevuja damu tumboni anakufa kwa dakika, na ukimsukuma kwenye chumba cha CT akiwa hana presha, anakufia humo. Walimu wetu walikuwa na jina baya kwa ile mashine, walikuwa wakiiita andazi la mauti kwa lile tundu lake la katikati. Mgonjwa anaingia hai, anatoka maiti.

Kwa hiyo ukiniuliza kama kukimbilia tumbo ni kosa, nitakwambia inategemea presha ilikuwaje dakika ile.

#6 BintiWaKisosora
Daktari, asante. Lakini Penny hakusema tumbo liachwe. Alisema na kichwa kiangaliwe. Na Derek mwenyewe, ambaye ndiye bingwa pekee chumbani mle, alikuwa anahesabu kwamba muda upo. Hilo unalijibuje?

#7 DaktariWaZamu
Nalijibu hivi: hapo una hoja. Na hata kama CT ilishindikana, akiwa mezani chini ya nusu kaputi mtu mmoja angeweza kukaa upande wa kichwa akawa anaangalia mboni kila baada ya dakika chache. Mboni moja ikitanuka na haijibu mwanga, huhitaji picha kujua damu iko ndani ya fuvu. Unatoboa fuvu upande ule, damu itoke. Inafanyika huku tumbo likiwa bado wazi.

#8 NesiWaUsiku
Hapo kwenye mboni ndipo panaponiumiza. Mimi ni muuguzi, wodi yangu ni ya vichwa. Kazi yangu usiku ni tochi. Kila saa, wengine kila nusu saa: fumbua jicho, mulika, andika. Mwite jina, mwambie akaze vidole vyako. Kile kipimo cha fahamu tunachoandika, cha alama 3 hadi 15, kilitoka Glasgow mwaka 1974, walikitunga Teasdale na Jennett, na uzuri wake ni kwamba hakihitaji umeme wala pesa.

Sasa tazameni Derek. Kwenye kusema anapata sifuri ya kila kitu, lakini akili yake ni nzima. Toka nione sehemu ile, nikiwa namgeuza mgonjwa asiyeongea namwambia kila ninachofanya. "Baba, nakugeuza kushoto. Baba, hii ni tochi." Wenzangu wameshazoea, na wawili sasa wanafanya hivyohivyo.

#9 DaktariWaZamu
Nesi, masahihisho madogo: kipimo kile hakina sifuri. Asiyesema kabisa anapata 1. Ndiyo maana chini kabisa ni 3, hata kwa maiti.

#10 NesiWaUsiku
Kweli kabisa, nimeandika kwa uchungu. Nakijaza kila siku hicho!

#11 Mkulima_wa_Misungwi
Niruhusuni nitoke kidogo kwenye tamthilia. 2019 mdogo wangu aliangushwa na bodaboda, hana kofia. Aliinuka mwenyewe, akapangusa vumbi, akaja nyumbani akaomba chai. Tukampeleka kituo cha karibu, wakasafisha mkwaruzo wa kwenye sikio, wakasema hana shida, akapumzike. Kulikuwa na kijana mmoja wa mafunzo pale, akasema taratibu, "Huyu angebaki tumwangalie." Aliambiwa asiwatishe watu.

Saa nne usiku mdogo wangu anakoroma. Mama akasema mwacheni, amechoka. Mimi neno la yule kijana lilikuwa linanizunguka kichwani. Nikamtikisa, haamki. Tukakodi gari, tukaenda hospitali ya rufaa, CT ikaonyesha damu, wakatoboa alfajiri. Yuko hai. Mkono wa kushoto hauna nguvu, hawezi kufunga vifungo vya shati, lakini yuko hai na mwaka jana ameoa.

Kwa hiyo mleta uzi, mimi niko na wewe. Kijana alisema, akanyamazishwa. Tofauti ni kwamba neno lake nililisikia mimi.

#12 Pwaguzi
Mkulima, pole sana ndugu yangu, na hongera kwa bwana harusi. Yule kijana ulimtafuta?

#13 Mkulima_wa_Misungwi
Nilimtafuta. Alikuwa ameshamaliza mafunzo kaondoka. Jina lake la kwanza tu ndilo ninalo, na silisahau.

#14 DaktariWaZamu
Hicho alichopitia mdogo wako kina sifa yake: mtu anazinduka, anaongea, anakunywa chai, kisha anazama. Mshipa mdogo umechanika kati ya fuvu na utando wa ubongo, damu inajikusanya taratibu. Kile kipindi cha katikati ndicho kinachodanganya kila mtu, hata sisi. Mnaosoma: aliyegonga kichwa akianza kutapika, kuumwa kichwa kinachozidi, au kulala usingizi usio wa kawaida, msimwache "apumzike".

#15 MzeeWaKivuko
Vijana mnazunguka mbuyu. Derek alijiua mwenyewe kwa simu. Rudini mtazame. Gari limekaa katikati ya barabara, upana wa njia nzima, simu inaita, yeye badala ya kuondoka anaipapasa. Lori likatokea. Mimi nimeendesha malori miaka 22, Tunduma mpaka Lubumbashi, na ninawaambia dereva wa lile lori hakuwa na pa kwenda. Kulisimamisha lori lenye mzigo si sawa na kusimamisha baiskeli. Mbona yeye hamumwonei huruma? Hatujaonyeshwa hata sura yake ikifarijiwa.

#16 BintiWaKisosora
Mzee, shikamoo. Kosa la simu ni lake, sikatai. Lakini hospitali ipo kwa ajili ya watu waliokosea pia.

#17 MzeeWaKivuko
Marahaba binti. Hilo neno nakupa.

#18 TakomaKwetu
Nipo jimbo la Washington mwaka wa tisa, natunza wazee, kila siku napita barabara kama ile. Suala lenu ni dogo kuliko mnavyodhani, na ni la ramani. Hapa hospitali zimepangwa kwa ngazi kwa ajili ya majeruhi. Ngazi ya kwanza kwa jimbo lote ni Harborview, Seattle. Majeruhi wazito wanaletwa pale kwa ndege hata kutoka Alaska. Sasa anayempakia mgonjwa kwenye gari ndiye anayeamua hatima yake: karibu au panapofaa? Derek alipelekwa karibu. Castello, Penny, wote walipewa mgonjwa asiye wa ngazi yao. Kwangu mimi kosa lilifanyika kabla hata mlango wa hospitali haujafunguliwa.

Na bingwa wao wa ubongo aliyekuwa zamu ya kuitwa alichelewa kufika. Hilo nalo mmelipita kimyakimya.

#19 Kaka_Likoni
TakomaKwetu, tuambie, zile feri za Derek ni za kweli? Jamaa alikuwa anazipenda kama mtoto. Sisi tunaovuka Likoni asubuhi na jua na jasho hatujawahi kuiona hiyo raha.

#20 TakomaKwetu
Ni za kweli, na zinapakia magari kama zenu. Ila tamthilia yenyewe imepigwa zaidi studio Los Angeles, Seattle ni picha za nje tu. Nilikwenda kuangalia jengo linaloonyeshwa kama hospitali, liko karibu na ule mnara wa Space Needle. Ndani ni kituo cha televisheni! Nilisimama pale nikajisikia nimedanganywa na mtu ninayempenda.

#21 MwanaLushi
Jamboni. Sisi huku Lubumbashi tulimfahamu kwa Kifaransa, anaitwa Docteur Mamour, na dada zangu mpaka leo hawamwiti Derek. Mi naona wote munatafuta muuaji ndani ya hadithi, na muuaji yuko nje. Mwigizaji Patrick Dempsey alikuwa anaondoka. Shonda Rhimes, mwenye tamthilia, alieleza mwaka uleule wa 2015 kama njia zilikuwa mbili tu: Derek amuache Meredith na watoto, ao afe. Akimuacha, mapenzi yao yote ya miaka 10 yanakuwa uongo. Basi akachagua kifo ili mapenzi yabaki ya kweli. Lori, CT, Castello, yote ni vyombo tu.

#22 JichoLaPili
MwanaLushi, karibu. Hiyo ya Rhimes ni sahihi. Niongeze kwamba Dempsey alikuwa ameshaongeza mkataba wa kumfikisha msimu wa 12, ndiyo maana watu walipigwa na butwaa. Na Juni 2015, miezi miwili baada ya "mazishi", timu yake ya magari ilishika nafasi ya pili kwenye kundi lake katika mbio za saa 24 za Le Mans, yeye akiwa mmoja wa madereva.

Ila maelezo yako hayajibu swali. Mtunzi angeweza kumuua palepale barabarani, sekunde moja, basi. Kwa nini alimpa saa kadhaa za kusikia anavyouawa? Mtunzi alichagua njia, na njia ina maana yake.

#23 BintiWaKisosora
JichoLaPili, ndicho hasa nilichokuwa nakitafuta maneno yake.

#24 Shangazi_Zuhra
Maana yake ninayo mimi. Mnamkumbuka Gary Clark? Mwisho wa msimu wa 6, Mei 2010, aliingia na bastola hospitali akampiga Derek kifuani. Kwa nini? Kwa sababu mkewe alikuwa kwenye mashine ya kupumulia, alikuwa ameshaandika kwamba hataki kuishi hivyo, na Derek akaufuata wosia. Mume hakukubali. Sasa miaka mitano baadaye Derek mwenyewe yuko kwenye mashine, ubongo umekufa, na Meredith ndiye anayetia saini. Hadithi imegeuka ikamtazama usoni. Zaidi ya hapo, baba yake Derek aliuawa dukani kwake na majambazi waliotaka saa, Derek mtoto amejificha na mdogo wake Amelia. Yule mtu aliishi maisha yote akiwa na deni la kuokoa. Alikuwa anasema ni siku nzuri ya kuokoa maisha. Hata siku ile aliokoa kwanza, ndipo akaenda.

Mimi nililia nikazima televisheni. Mume wangu alidhani kuna msiba kwao.

#25 MzeeWaKivuko
Shangazi, hapo umenigusa. Lakini simu ilikuwa simu.

#26 DaktariWaZamu
Kuna kisa cha kweli kinachofanana na hiki kuliko mnavyodhani. Februari 1976 daktari wa mifupa wa Marekani, James Styner, alianguka na ndege yake ndogo shambani Nebraska. Mkewe alifariki, watoto wakajeruhiwa vibaya. Walipofika hospitali ya kijijini, Styner aliona huduma wanayopewa wanawe ni ovyo kuliko ile aliyoweza kuwapa yeye shambani, gizani, kwa mikono. Daktari wa upasuaji, mgonjwa katika hospitali isiyojua la kufanya. Ni Derek yuleyule.

Tofauti ni kwamba Styner alikuwa na sauti. Alirudi akasukuma wenzake, na mwaka 1978 wakaanza mafunzo ya namna ya kumpokea majeruhi. Ule mpangilio niliousema juu, njia ya hewa, upumuaji, mzunguko wa damu, umesambaa duniani kupitia mafunzo hayo. Naufundisha mimi hapa nilipo.

#27 TakomaKwetu
Kwa hiyo mpangilio uliozaliwa kwa daktari kutosikilizwa ndio unaomtetea Castello?

#28 DaktariWaZamu
Swali zito. Mpangilio unakuambia uanze na nini. Haukwambii usiwasikilize waliosimama kando yako.

#29 Mluguru_Original
Sasa hapo ndipo pa kwangu, na Seattle na Morogoro zinakutana. Shirika la Afya Duniani lilijaribu orodha hakiki ya upasuaji, yaani karatasi ya mambo ya kuhakikisha kwa sauti, katika hospitali za miji minane, kati ya Oktoba 2007 na Septemba 2008. Miji hiyo ni Toronto, New Delhi, Amman, Auckland, Manila, London, Seattle na IFAKARA. Ndiyo, Ifakara yetu ya mchele. Vipengele 19 tu, karatasi moja. Matokeo yalitoka Januari 2009: vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo makubwa baada ya upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7.

Mama yangu mdogo alikuwa msafishaji wa vyombo vya thieta, si Ifakara, hospitali nyingine, miaka hiyo orodha ilipoanza kusambaa. Alikuwa anasimulia kwamba kabla ya kisu, kila aliye chumbani anataja jina lake na kazi yake, kwa sauti. Hata yeye. Alikuwa amefanya kazi pale miaka kumi na moja, na siku hiyo ndiyo ya kwanza daktari bingwa kulijua jina lake. Baada ya hapo akawa na ujasiri wa kusema "daktari, hesabu ya pamba haijatimia".

#30 Pwaguzi
Ifakara na Seattle kwenye karatasi moja! Hili sikulijua kabisa.

#31 Kaka_Likoni
Lakini Mluguru, orodha hiyo ni ya thieta. Castello alikosea mapokezi, kabla ya thieta. Isingemsaidia Derek.

#32 Mluguru_Original
Ingemsaidia. Kabla ya kuchana, moja ya maswali ni kama picha muhimu za mgonjwa zimewekwa zionekane. Mtu mwenye jeraha kichwani, unauliza "picha ziko wapi?", chumba kizima kinagundua hazipo. Hapo Penny halazimiki tena kubishana na mkubwa wake. Karatasi inambishia.

#33 DaktariWaZamu
Kama presha iko chini angeendelea tu na tumbo, karatasi au hakuna karatasi. Ila angalau mtu angewekwa kwenye mboni, hilo nakubali.

#34 Mwarabu_wa_Muscat
Nimechelewa, nimesoma wote. Mnamzungumzia Derek ilhali daktari wa upasuaji wa kweli wa televisheni ni Peter Benton wa tamthilia ya ER, hospitali ya County General, Chicago. Machi 2009, Benton anarudi baada ya miaka, Carter, daktari aliyekuwa mwanafunzi wake, anapandikizwa figo, na Benton anasimama mle thieta si kama mpasuaji bali kama rafiki, anamlazimisha bingwa mwenye haraka asome ile orodha hakiki mpaka mwisho. Matokeo yenyewe yalikuwa yametoka Januari, miezi miwili tu nyuma!

#35 Mluguru_Original
Umenipa zawadi. Nikitoka hapa naitafuta hiyo sehemu.

#36 Shangazi_Zuhra
Benton simpingi, lakini nywele za Derek hana.

#37 MwanaLushi
Na Burke je? Preston Burke, mpasuaji wa moyo wa hospitali ileile, alimshinda Derek kwa mikono. Mikono ya moyo.

#38 JichoLaPili
Burke alipigwa risasi, mkono ukaanza kutetemeka, akaficha, akamtumia Cristina, daktari mdogo na mpenzi wake, kumfichia mezani msimu wa 3. Mkitaka mfano wa mdogo anayejua ukweli na anayefungwa mdomo na mkubwa, ni huo, na pale alikuwa amempenda. Huo ni uzi wake peke yake.

#39 BintiWaKisosora
Nimerudi, nilikuwa kazini. Asanteni wote. Nilimsomea mama majibu yenu jana baada ya chakula. Ya Mzee wa simu alitikisa kichwa. Ya ngazi za hospitali hakuielewa mpaka nikachora ramani nyuma ya daftari. Alipofika kwenye habari ya mama mdogo wa Mluguru akaniambia nirudie.

Bado nasema ni Castello. Lakini sasa namwona pia yule aliyeendesha gari la wagonjwa, na bingwa aliyechelewa, na ile simu. Mama yeye ana swali lake jipya, naomba Daktari na Nesi mlijibu: wangemsikiliza Penny tangu dakika ya kwanza, na kila kitu kikaenda sawa, Derek angeweza kupasua tena?

#40 NesiWaUsiku
Shikamoo mama. Kwa niliyoyaona wodini: kuishi, pengine ndiyo. Kushika kisu, sijamwona hata mmoja aliyerudi vilevile. Ila nimewaona waliorudi kufundisha.

#41 DaktariWaZamu
Mimi nasema angerudi. Damu ikitolewa mapema, kabla mboni haijatanuka, wapo wanaotoka hospitali kwa miguu yao ndani ya siku chache. Nesi, wagonjwa wako ni wale waliochelewa, ndio wanaofika wodi yako.

#42 NesiWaUsiku
Daktari, njoo wodini kwangu usiku mmoja tuhesabu.

#43 Mkulima_wa_Misungwi
Mwambieni mama kwamba mdogo wangu alikuwa fundi cherehani. Sasa anakata kitambaa kwa mkono wa kulia, mkewe anashona.